Pole za Kabla ya Mechi

Saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi, Jumatatu, wiki moja kabla ya wiki ya mechi, mtu wa kwanza aliingia katika duka moja la vifaa vya ujenzi pale Ubungo, akaushika mkono wa mwenye duka kwa mikono yake miwili, akasema kwa sauti ya chini, "Pole sana, mzee wangu," kisha akatoka. Hakununua hata msumari. Najua saa kwa sababu nilikuwa nimekaa kwenye kibanda cha muuza vocha, duka la tatu kutoka pale, na niliitazama saa yangu. Mtu yule alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, shabiki wa chuo chetu, na mimi ndiye niliyemtuma.

Mwenye duka alitoka nje. Alimwangalia mwalimu akiishia kwenye msongamano wa watu, akajikuna shingo, akarudi ndani. Nikanywa chai yangu mpaka ikaisha, nikaenda kazini.

Kazi yangu ni kutengeneza friji na majokofu, hapa Tabata. Chuo sikusoma. Mpira wa kikapu niliukuta ukubwani, siku nilipoitwa kutengeneza jokofu la kantini ya chuo kimoja cha hapa mjini, nikachungulia dirishani nikaona wasichana wakifanya mazoezi uwanja wa nyuma. Nilisimama na bisibisi mkononi hadi mwenye kantini akaniuliza kama jokofu linatengenezwa kwa macho. Tangu siku ile sijakosa mechi ya nyumbani. Nilitafuta kitabu cha sheria za mchezo, nikakisoma chote, nikarudia. Binti yangu alikulia pembeni mwa uwanja ule, na alipofika umri wa kusoma chuo alichagua hichohicho. Akapewa nafasi ya mchezeshaji, yule anayeupandisha mpira na kuwapangia wenzake.

Mwenye duka la Ubungo ni mwenyekiti wa mashabiki wa chuo kingine. Vyuo hivi viwili vinakutana mara moja kwa mwaka katika mechi ambayo watu wanaihesabu kuliko nyingine zote, na mashabiki wake ni watani wa jadi. Jumapili kabla ya mechi pande zote mbili tunakutana asubuhi katika banda moja la supu huku Tabata, tunaichambua mechi. Kila upande unasema utakavyoshinda na kwa nini mwenzake atalia. Unaruhusiwa kuitukana timu, kocha, viatu vya wachezaji, kichwa cha msemaji na ukoo wake. Sheria ni moja tu, kwamba mtani hanuni. Anayenuna analipa supu ya banda zima, na anayeamua kama mtu amenuna ni mama mwenye supu. Hajawahi kulaumiwa kwa upendeleo, ingawa kila faini inaingia kwenye sufuria lake.

Mwenyekiti yule alijisifu miaka yote kwamba hajawahi kulipa. "Mie nimezaliwa sina nyongo," alikuwa akisema, na kujipiga tumbo. "Nitukaneni mpaka mate yawakauke."

Mwaka jana tulifungwa kwa pointi moja. Sekunde za mwisho binti yangu alichezewa faulo, akapewa mitupo huru miwili. Wa kwanza ulipiga pete ukatoka. Wa pili ulizunguka pete nzima, ukatoka pia. Hayo ni ya mchezo na sikuwa na kinyongo na mtu.

Asubuhi iliyofuata, mimi nikiwa kazini na binti yangu kalala kwa uchovu, mwenyekiti alikuja na watu wake wakafunga turubai mbele ya geti langu. Walipanga viti vya kukodi. Katikati walilaza kikapu cha sokoni, wakakifunika shuka jeupe, na juu ya shuka wakaweka fulana yenye namba ya binti yangu. Walileta hata kinamama wa kulia. Wakalia, wakapiga picha zao, wakacheka, wakaondoka saa nne wakiwa wameliacha turubai, kwa sababu aliyelikodisha angelifuata mchana.

Sasa, mtu wa mtaani kwetu akiona turubai mbele ya geti haulizi. Kuuliza "nani kafa?" mbele ya wafiwa ni kukosa adabu. Anarudi ndani, anajifunga khanga, anachukua alichonacho, anakuja kukaa. Niliporudi nilikuta kinamama kumi na kitu wamenyoosha miguu kwenye mikeka, mchele umekwishaletwa, na binti yangu amesimama mlangoni akiwaeleza kwamba yu hai. Wengine walicheka. Wengine walikasirika, wakachukua mchele wao. Nikadhani imeishia pale.

Kumbe jirani mmoja, mtu wa kwetu Masasi, aliiona ile fulana, akafanya lile ambalo yeyote mwenye utu angelifanya. Alipiga simu nyumbani, akamwambia mama yangu kwamba mjukuu wake hatunaye. Aliamini mimi ninazo habari kuliko yeye, hivyo hakunitajia. Mama hana simu, anapigiwa kwa jirani. Kesho yake alfajiri alipanda basi.

Alifika kwangu jioni. Binti yangu ndiye aliyefungua geti.

Mama hakupiga kelele. Alimtazama, akakaa chini palepale kwenye mchanga, mkeka aliokuja nao wa kulalia msibani ukiwa bado kwapani, na hakusema neno mpaka siku ya pili mchana. Miguu ilimvimba. Alikaa kwetu wiki kadhaa, nikimpeleka hospitali na kumrudisha. Alipopata nafuu akaomba arudishwe Masasi, na tangu hapo nikimwambia aje Dar anasema hapana, amekwisha kuja.

Siku moja, mama akiwa bado kitandani, watu wa pande zote mbili walikutana tena bandani, kama ada, washindi wapate kujisifu. Nilikwenda. Nilitaka mwenyekiti aseme neno moja tu la kibinadamu. Aliponiona alipaza sauti: "Jamani, msiba gani ule! Bibi katoka Masasi kafuata ubwabwa, kakuta chai kavu!"

Banda zima likacheka, hata wa upande wangu. Nilisimama, nikatupa bakuli la supu ukutani, nikamwita jina ambalo sitaliandika hapa. Mama mwenye supu akagonga sufuria kwa mwiko. "Kanuna!" akasema. Nikalipa supu ya watu wote, pamoja na bakuli.

Niliutumia mwaka mzima kumfikiria yule mtu. Nilikuwa nikifungua kompresa ya friji namfikiria. Sikutaka kumpiga, wala kumshitaki kwa mwenyekiti wa mtaa. Nilitaka anune, mbele ya watu walewale, katika banda lilelile, na sababu ya kununa kwake iwe ileile.

Kumtukana hakukufaa, matusi yalikuwa chakula chake. Ilinichukua muda kuona kwamba kuna neno moja ambalo hakuna mtu mwenye akili timamu anayelizoea. Ukiambiwa "pole" na hujui pole ya nini, unaanza kujipapasa. Ukiambiwa mara ya tano, unaanza kuwapigia ndugu simu.

Niliwakusanya watu wetu ishirini ninaowaamini, nikawapangia siku na saa. Niliwakataza kusema uongo. Asiseme mtu kwamba kuna aliyekufa, wala mgonjwa, wala ajali. Ingia, shika mkono, sema pole, toka. Akiuliza pole ya nini, mjibu, "Mungu atakutia nguvu." Hilo nalo si uongo. Na asicheke mtu mpaka avuke barabara.

Binti yangu alinisikia nikiwapa maelekezo kwa simu. Alikuwa amekaa uani, anafunga bandeji kwenye kifundo cha mguu kabla ya mazoezi.

"Baba, hii ni kwa ajili yangu?"

"Ni kwa ajili ya wote."

"Hapana," akasema. "Ile mitupo miwili nilikosa mie, nitailipa mwenyewe siku ya mechi. Mie usinilipie. Kama ni ya bibi, sawa, hiyo ni yako."

"Ni ya bibi," nikasema.

"Basi endelea." Akachukua mpira wake akaondoka.

Jumanne wakaenda wanne. Muuza vocha, ambaye sasa alikuwa upande wangu kwa sababu ya burudani, alinipa habari jioni. Mwenyekiti alikuwa amemfuata mmoja wetu hadi kituoni, akamshika shati: "We braza, pole ya nini? Niambie bwana, mie mtu mzima!" Naye, karani mpole wa mahakama, akamjibu kwa macho yaliyojaa huruma, "Mungu atakutia nguvu, mzee." Muuza vocha alisema mwenyekiti alirudi dukani akakaa juu ya mfuko wa saruji, akanunua vocha mbili na kupiga simu bila kupumzika.

Jumatano lilitokea jambo ambalo sikulipanga. Wauza maduka wa jirani, ambao hawajui kikapu wala chuo, waliona watu wenye heshima zao wakiingia kutoa pole. Na wao, kama majirani zangu mwaka jana, hawakuuliza. Walikwenda mmojammoja kumpa pole. Mwenye duka la rangi alimpelekea bahasha ya rambirambi. Mwenyekiti aliikataa bahasha, wakabembelezana nayo mlangoni, akaishia kuipokea.

Nilijua ana mama. Kila mtu bandani alijua, kwa kuwa alikuwa akimtaja anapojisifu, bibi mmoja wa huko juu, mbele ya Iringa, kijiji ambacho simu inashika mtu akipanda kilimani. Nilikuwa nikijua kwamba atampigia na hatampata. Sikulifumbia macho hilo. Nililiweka kwenye hesabu.

Alhamisi duka lilikuwa limefungwa.

Ijumaa vilevile. Mwalimu aliniuliza tufanyeje na waliobaki. Nikamwambia wapumzike.

Jumapili niliamka mapema, nikavaa shati la kanisani, nikaenda bandani kabla ya wote. Mama mwenye supu alinitazama kuanzia viatu hadi kola. "Leo una harusi?" akauliza. Nikamwambia anipe supu ya utumbo na ndimu mbili.

Watu walijaa. Upande wao walikaa wakiwa wameacha kiti cha mwenyekiti wazi, na msaidizi wake, mama mmoja mwenye sauti ya kuuza samaki ingawa kazi yake ni uhasibu, ndiye aliyeanza.

"Niambieni, mwaka huu mnatuletea nani? Yuleyule anayepiga pete kama anabisha hodi?"

Wakacheka. Nikatabasamu. Lilikuwa tusi la haki.

"Hodi alishabisha mwaka jana," mwalimu wetu akajibu. "Mwaka huu anaingia. Nyie semeni habari za mrefu wenu. Goti limefungwa bandeji tabaka kwa tabaka kama chapati. Jumamosi ataruka au ataomba lifti?"

"Hata akikaa kwenye kiti anawazidi kimo!"

"Ndiyo, na akikaa ndipo anapokaba vizuri!"

Nilipopewa nafasi nilisimama nikasema niliyoyaona. Mrefu wao anageukia kushoto tu. Akifungwa kushoto anautoa mpira nje bila kuangalia. Wachezaji wao watano wa kwanza ni wazuri, wa akiba si wazuri, kwa hiyo robo ya nne wanachoka, na tukiwakaba uwanja mzima tangu mwanzo watachoka robo ya tatu. Mchezeshaji wetu hupoteza mipira akikabwa na wawili, hilo ni kweli, na kocha hajalitibu. Kama hatalitibu kufikia Jumamosi tutafungwa tena. Mama mhasibu alinisikiliza akiwa ameshika kijiko, kisha akasema, "Huyu mtu anachambua mechi kama anasoma maelekezo ya dawa." Banda likacheka, nami nikakaa.

"Lakini mwenyekiti wenu yuko wapi?" mwalimu akauliza, taratibu kabisa. "Au kanuna nyumbani asije kulipa?"

"Huyo hanuni!" mama mhasibu akasema. Akatoa simu. "Subirini." Akapiga, akaiweka mezani katikati ya mabakuli, sauti ikiwa wazi kwa wote.

Iliita muda mrefu. Halafu upepo, jogoo, na sauti yake.

"Niko kilimani huku, semeni haraka, mtandao wenyewe wa kuvizia."

"Mwenyekiti, upo wapi? Tunakutetea peke yetu."

"Nipo kwa mama, Iringa." Akacheka kidogo, kicheko kifupi. "Nimekuja kusalimia tu. Wapigeni hao, wapigeni, Jumamosi nitakuwepo."

Niliinama karibu na simu. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi kwa mwaka mzima, lakini sikuyatumia.

"Pole sana, mtani," nikasema.

Jogoo akawika tena kule.

"Ni wewe," akasema. "Kumbe ni wewe! Pole ya nini, mshenzi wewe? Pole ya nini? Nimepanda basi roho iko mkononi! Nimefunga duka siku nne! Nimeingia kwa mama getini nalia kama mtoto, watu wazima wananishika, namkuta anapalilia mahindi! Ananiuliza, mwanangu, nani kafa? Nikija huko nitakuvunja shingo, na hayo mafriji yako nayachoma moto, wallahi nayachoma!"

Aliendelea. Hakuna aliyekula. Mtandao ulipokata, lilibaki banda zima likiitazama simu ile, na hata mimi niliitazama.

Mwiko ukagonga sufuria. "Kanuna," akasema mama mwenye supu.

"Hapana!" Mama mhasibu akasimama. "Sheria ni kununa bandani. Yeye yuko Iringa!"

"Sauti imenunia wapi? Si hapa mezani kwangu? Supu ya watu wote, na vijana wa pikipiki hapo nje nao waje wanywe."

Upande wetu walinyanyua mabakuli juu, mwalimu akanikumbatia. Mama mhasibu alitoa pesa za chama chao akilalamika, akazihesabu kwenye kiganja cha mama mwenye supu. Nilikuwa nimeuona mwisho wake kichwani mara nyingi, na safari hii ulikuwa bora kuliko nilivyouona. Supu ile niliinywa yote. Niliomba nyingine.

Ndipo mama mwenye supu akaja akasimama mbele yangu, mwiko bado mkononi.

"Na wewe sijakumaliza. Mwaka jana mama yako alikuja hapa kwa nauli ya nani?"

"Ya kwake. Kurudi nilimlipia mimi."

"Yule mwenyekiti hakulipa, na mimi sikumwambia alipe. Nilikosea." Alisema hivyo bila kushusha sauti. "Safari hii sikosei. Utani ni wa mdomo, haupandishi mtu basi. Kuanzia leo, anayempandisha mtani basi kwa msiba wa uongo, analipa nauli, kwenda na kurudi. Unaanza wewe."

Watu wetu walizomea. Mwalimu alisema si haki, kwamba sheria haiwezi kuzaliwa leo ikamkamata mtu wa jana. Niliwanyamazisha. Nikamwambia mama mwenye supu kwamba hukumu ni nzuri, na nikaomba jambo moja, kwamba nimtumie mwenyekiti hiyo nauli mimi mwenyewe, kwa namba yangu, ili jina langu lisomeke kwenye simu yake.

"Mtumie," akasema.

Mchana niliipiga namba ya jirani wa mama kule Masasi, nikaomba aitwe. Nilimweleza yote, tangu pole ya kwanza mpaka jogoo. Hakucheka. Aliuliza kitu kimoja: "Na huyo mama mwenzangu, alishtuka?"

"Hapana, mama. Alikuwa anapalilia."

"Afadhali," akasema. "Na mwanawe alilia kwelikweli?"

"Kwelikweli."

"Haya," akasema mama yangu, na nilisikia akivuta kiti. "Nieleze tena, pale alipofika getini."

Nikamweleza tena, polepole, mpaka salio likakata.

Mwenyekiti hakunijibu ujumbe wa pesa ya nauli, wala sikutaka anijibu. Hatujapatana, na Jumamosi tutakaa pande mbili za uwanja kama kawaida, yeye na ngoma zake, mimi na mikono yangu mitupu. Akitaka kunivunja shingo anajua ninapokaa. Turubai alikwisha kulifunga hapo. Jioni ile nilitafuta bei ya basi la kwenda Iringa, nikazidisha mara mbili, nikatuma. Pamoja na makato ya mtandao ilinitoka shilingi elfu sabini na moja na mia sita.